Sumukuvu huanzia shambani, si mpakani Holili

Machi 5, 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku tano baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti, likiwamo la kila shehena kuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa mkulima wa Rombo na mfanyabiashara anayepitisha magunia Holili kwenda Taveta, lilikuwa onyo kwamba mzigo unaweza kukataliwa kwa kitu kisichoonekana kwa macho.

Hofu ya Kenya haikuwa ya bure. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 vifo vilitokea pia hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba chanzo cha sumu hii kimo udongoni. Humo wanaishi fangasi na bakteria wa aina nyingi, wakigombea chakula na nafasi. Fangasi aitwaye Aspergillus flavus hustahimili joto na ukame kuliko wenzake wengi. Masika yakikatika mapema katika mashamba ya chini, mahindi yaliyonyauka na kutobolewa na wadudu hukosa kinga, naye huingia kwenye punje. Kuanika mahindi ardhini na kuyahifadhi kabla hayajakauka humzidishia nguvu. Kupika hakuiondoi sumu.

Hata hivyo, si kila fangasi wa aina hiyo hutoa sumu. Huo ndio msingi wa Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018. Ni punje za mtama zilizopakwa fangasi wasio na sumu. Humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Fangasi hao huwahi nafasi na kuwabana wale wenye sumu.

Kipimo cha mpakani ni cha lazima, lakini hugundua hasara iliyokwisha kutokea. Halmashauri na vyama vya ushirika vihakikishe pembejeo hiyo inafika kwenye maduka ya vijijini kwa wakati. Maghala yawe na vipima unyevu, ili mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 yasipokelewe. Wafanyabiashara nao walipe zaidi kwa mahindi safi, kwani bila hivyo mkulima hana sababu ya kuingia gharama.

Mkulima naye aanike kwenye turubai na atenge punje zilizotobolewa au kuota ukungu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hutokea shambani miezi kadhaa kabla ya lori kufika Holili.