Bei ya kulinda mtoto si bei ya nyanya

Ndugu wenyeji wa Bukavu, wamama na wababa wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Kila asubuhi, mbele jua halijapanda vizuri, mu avenyu zetu kuna mlango mmoja unaogongwa kuliko ingine yote. Mama anayeuza sambaza anapita, anaacha mtoto. Anayevuka Ruzizi kwenda kutafuta nyanya ku Kamembe anapita, anaacha mtoto. Mwalimu naye anapita, anaacha wawili. Ndani kuna mama mmoja na chumba kimoja. Hana kibao mlangoni, hana makaratasi ya Leta. Lakini siku akigonjwa, meza ngapi mu soko ya Kadutu zinabaki bila mtu?

Leo tunataka kusema juu ya bei ya kazi hiyo, kwa sababu mu kartie zetu inaleta ugomvi kimya-kimya kati ya wamama ambao wote wawili hawana kitu.

Wote tunajua namna inavyopita. Jioni mama anafika na beseni kichwani: «Yaya, leo sikuuzisha kitu. Pokea hii mia tano, kesho nitaongeza.» Mwenye kulinda anajibu: «Hata jana ulisema kesho.» Halafu anapokea, juu hawezi kufukuza mtoto. Siku ingine mama anachelewa mpaka usiku, na saa mbili za nyuma hazilipwi. Tunazihesabu kama matabishi, sawa na kitunguu unachoongezewa juu ya mafungu ya sokoni. Ku meza ya nyanya, kuomba wapunguze bei ni desturi yetu, hakuna ubaya. Lakini mtoto si nyanya, na saa ya mtu si matabishi.

Tufanye hesabu pamoja. Ni mfano tu, si bei ya mji. Kila mtu aweke namba zake. Tuseme mama analinda watoto 5, kila mmoja franga 2.000 kwa siku. Anaingiza 10.000. Uji, sukari, makala, sabuni na mabido ya maji vinakula franga 1.200 kwa kila mtoto, ni kusema 6.000. Kunabaki 4.000 kwa siku nzima ya saa kumi. Sasa wazazi wote wanamwomba apunguze 500. Anaingiza 7.500, matumizi inabaki ile ile 6.000, mkononi kunabaki 1.500. Sisi tulikata robo moja ya bei. Yeye amepoteza zaidi ya nusu ya mapato yake.

Atafanya nini? Iko na njia mbili. Ya kwanza, apunguze uji na sabuni. Ya pili, aongeze watoto. Kwa bei hiyo mpya kila mtoto anamwachia franga 300 tu. Ili arudie ku 4.000 yake anahitaji watoto zaidi ya 13 mu chumba kile kile, na imbabula ya moto karibu ya mlango. Hapo njo tunapaswa kuelewa vizuri: ile mia tano tuliyokata haikutoka mu mfuko wa mama anayelinda peke yake. Mtoto wetu mwenyewe njo analipa sehemu yake, kwa chakula, kwa usafi, na kwa macho yanayopaswa kumwangalia.

Lakini tusimwache mama wa sokoni peke yake mu kesi. Yeye naye hana mshahara. Siku ya mvua kubwa, siku mupaka unafungwa, siku njia ni mbaya, anarudi mikono mitupu. Tangu M23 iliingia mjini mu Februari 2025 na benki zikafunga, hata wenye mshahara wanahangaika kupata noti. Ukimwambia mama huyo alipe mwezi mzima mbele, atafunga watoto ndani ya nyumba ya mbao, na mji wetu unajua moto unavyokimbia mu nyumba hizo. Ama ataacha dada mkubwa wa miaka tisa amlinde mdogo wake. Masomo ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini mtoto yule hatayaona.

Kwa hiyo hatusemi bei ipande tu, wala ishuke tu. Tunasema wasikilizane mapema, wakiwa wamekaa, si jioni mlangoni wakati wote wamechoka.

Haya njo mambo ya kupanga mbele ya siku ya kwanza, na kuandika mu kaye, kila mmoja akiwa na yake:

Kwanza, bei ya siku na saa zake: mtoto anafika saa ngapi, anatoka saa ngapi, na saa ya kuchelewa inalipwa ngapi.

Pili, nani analeta uji, nepi na maziwa.

Tatu, watoto wangapi chumba kinaweza. Mzazi ana haki ya kuuliza, na ya kuingia kuangalia.

Nne, siku bila mauzo. Mpange zamani: deni linaruhusiwa siku ngapi, linalipwa lini. Wamama wa avenyu moja wanaweza pia kuweka likelemba ndogo ya kusaidia aliyekosa siku hiyo.

Tano, franga zenyewe. Noti iliyochanika ambayo duka linakataa, usimpe mama anayelinda mtoto wako. Ukilipa kwa simu, mujue nani anabeba gharama ya kuzitoa.

Sita, bei ikibadilika, mtu ajulishwe juma moja mbele. Na mwenye watoto wawili akipunguziwa, wote wenye wawili wapunguziwe vilevile. Bei ya siri njo inaleta maneno.

Na wababa je? Mu nyumba nyingi franga za mlinzi zinatoka mu faida ya mama, sawa na kwamba mtoto ni wa biashara yake. Kanuni ya familia, ya 1987 na iliyorekebishwa 2016, inawapa wazazi wote wawili kazi ya kulea. Mu hesabu ya kila siku baba awemo.

Leta nayo haiwezi kujificha nyuma ya wamama hawa. Kanuni ya kazi ya 2002 inatoa juma 14 za kupumzika kwa mama aliyezaa, na nusu saa mara mbili kwa siku za kunyonyesha. Ni vizuri, lakini ni kwa mwenye mwajiri. Mama wa soko, anayelipa taksi ya meza kila siku, hapewi hata nusu saa. Tunauliza: mu soko tunayolipia, kwa nini hakuna hata chumba kimoja safi cha watoto? Wakubwa wa avenyu, parokia na makanisa zenye sale zinazokaa wazi kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya tano, tunawaomba mufungue milango.

Nasi vijana tuanze nyumbani. Wengi wetu tulilelewa mu chumba cha jirani wakati mama alikuwa sokoni, na hatujui alilipwa ngapi. Jioni ya leo ukienda kuchukua mdogo wako ama mtoto wako, fika kwa saa. Lipa kile mlisikilizana. Na kama hamjasikilizana, kaa chini, uliza: «Mama, hii kazi inakubakishia ngapi?» Halafu usikilize jibu mpaka mwisho.