Pesa zako ziko salama, lakini siri zako je?

Tuseme mtu amekopa shilingi 30,000 kwa simu. Siku ya kulipa imepita. Kesho yake mjomba wake, mwalimu wa mtoto wake na fundi wa pampu wanapokea ujumbe: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Hawakumdhamini, wala hawakujua kama amekopa.

Wengi wetu tutasema simu yake imedukuliwa. Hapana. Hakuna aliyeiba namba yake ya siri, na salio lake halijaguswa. Usalama ulikuwepo. Kilichopotea ni faragha.

Usalama ni kumzuia asiyealikwa. Faragha ni haki yako ya kuamua uliyemkaribisha aone nini, na akifanyie nini alichokiona. Kufuli haimzuii mgeni uliyemfungulia mlango mwenyewe. Programu ya mkopo iliomba kusoma majina na namba zilizohifadhiwa kwenye simu. Ada ya shule inadaiwa, mtu ana haraka, akabonyeza "Ruhusu".

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Septemba mwaka huo, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho. Nayo Google, tangu 31 Mei 2023, inakataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina yaliyo kwenye simu ya mkopaji. Lakini programu uliyotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp haikupitia duka hilo, na katazo hilo haliigusi.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kisha fungua mipangilio ya simu, tafuta ruhusa za programu, uondoe ruhusa ya kusoma majina. Yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi, lakini mlango utakuwa umefungwa.

Tukumbuke pia kwamba majina yaliyo kwenye simu si mali ya mwenye simu peke yake. Ukibonyeza "Ruhusu", umemtoa na mjomba, naye hakuulizwa.