Kompyuta Yangu Ni Nzima, Mvua Ndiyo Haijaandikwa

Muhula uliopita, kwenye vitendo, niliambiwa mbele ya darasa kwamba kompyuta yangu haiwezi kubeba kazi. Ni ya mtumba, RAM GB 2, betri imekufa, ukigusa waya inazima. Darasa likacheka, nami nikacheka. Ila nilitoka na hasira, maana kazi yenyewe ilikuwa kuiga ukuaji wa mahindi: unaipa programu udongo, joto, jua, mvua ya kila siku na tarehe ya kupanda, nayo inakadiria utavuna nini.

Jamani, kazi hiyo ilishafanywa na mashine ndogo mno. CERES-Maize, modeli ya mahindi, ilichapishwa Marekani mwaka 1986. Miaka mitatu baadaye ikatoka ndani ya DSSAT, kwenye kompyuta za mezani za KB 640. Yangu mnayoicheka inazizidi zaidi ya mara 3,000. Commodore 64, iliyojaa majumbani Ulaya na Marekani kuanzia 1982, ilikuwa na KB 64 tu. Kwetu serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, hivyo wazazi wetu hawakuziona mashine hizo sebuleni. Labda ndiyo maana tunaamini kompyuta ni ile mpya tu.

Na si habari za Wazungu pekee. Miaka hiyo ya 1980, pale Katumani, Machakos, watafiti wa Kenya na wenzao wa Australia waliirekebisha CERES ifuate mbegu za muda mfupi na mvua za kubahatisha za kule. Wakaiuliza swali la mama yangu la kila msimu: niweke mbolea, au ni kutupa hela? Waliweza kwa sababu Katumani walikuwa na daftari la mvua la miaka mingi.

Nyumbani Kansay, wilayani Karatu, mvua tunaipima kwa jembe. Mama anachimba, anaangalia unyevu umeshuka wapi, anaamua kupanda au kusubiri. Ni kipimo kizuri tu, ila hakijaandikwa popote. Nilipotaka kuiga shamba letu nikaazima data ya satelaiti. Kompyuta yangu "mbovu" ilimaliza kabla chai haijachemka hosteli. Matokeo? Mvua ya kutosha wiki ileile ambayo sisi tulirudia kupanda kwa sababu mbegu zilikauka ardhini.

Sasa idara inataka kila mmoja wetu anunue kompyuta mpya, boom lenyewe mnalijua. Mimi nasema tuachiwe mitumba yetu, na hela itakayopatikana inunue vipima mvua, kila mwanafunzi aende nacho likizo kijijini kwao.

Changu nimeshapeleka, cha plastiki. Mama aliuliza kama hicho ndicho ninachosomea miaka yote mitatu. Nikamwelekeza asome mstari kila saa tatu asubuhi, aandike. Amekubali, ila kasema pembeni ataandika na kina cha jembe.