Tangazo Lisiloonekana
Mkaazi wa Pemba hapaswi kulipa nauli ya boti hadi Unguja ili kuulizia jambo lililokwisha kutangazwa katika tovuti ya Serikali. Lakini tangazo lililobandikwa kama picha tupu, bila ya kichwa, mitambo ya utafutaji kama Google huenda isilisome ipasavyo, na mwananchi akilitafuta asilipate mpaka muda wa maombi ukapita.

Tunawahimiza wakuu wa idara wahakikishe kwamba kila ukurasa una kichwa chake, matangazo yameandikwa kwa maandishi yanayosomeka, na tovuti ina ramani ya kurasa zake, utaratibu ulioanzishwa na Google mwaka 2005. Kazi hii yataka uangalifu kuliko fedha. Wananchi wanangoja.