Ukijiundia ndege, mkono ufike kwanza, urembo baadaye

Kama ulilelewa na wazazi wa kupenda country, "Take Me Home, Country Roads" unaijua hata kama hutaki. Wengi hawajui tu vile mwimbaji wake, John Denver, alivyokufa. Oktoba 12, 1997, alianguka na ndege baharini karibu na Monterey, California. Ilikuwa Long-EZ, ndege ya kujiundia kwa ramani za Burt Rutan. Si yeye aliyeiunda. Aliinunua ikiwa imetumika.

Katika ramani za Rutan, vali ya kubadilisha tangi la mafuta inakaa katikati ya miguu ya rubani. Aliyeunda ndege hii akaihamisha hadi nyuma ya bega la kushoto. Nia haikuwa mbaya: hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani, alipokaa rubani. Lakini stiki ya Long-EZ iko mkono wa kulia. Kuifikia vali, ilibidi uachilie stiki, ujipinde, upitishe mkono wa kulia juu ya bega la kushoto. Wachunguzi walipojaribu hivyo, waligundua mguu wa kulia unasukuma pedali bila wewe kutaka, na ndege inapinda.

Denver alikuwa amerusha ndege zaidi ya saa 2,700. Kabla ya kupaa, yeye na fundi walijaribu hata kuibana vali kwa koleo ili aifikie. Wapi! Ndiyo, mafuta yalikuwa kidogo na ndege hiyo hakuwa ameizoea; ripoti ilisema hayo pia. Ila vali iliyo mahali pake ingemwachia nafasi ya kujiokoa.

Ndiyo maana sina subira na wasee wanaosema ndege ni yangu, nitapanga vitu nipendavyo. Si yako peke yako. Kesho utaiuza, na mwingine ataikalia akiwa na mazoea ya kwingine.

Kuna mahali pa kuchagua, sikatai. Stiki au usukani? Mimi ni wa stiki, kwa sababu vipuri ni vichache na dashibodi inabaki wazi. Lakini kama ulifunzwa pale Wilson kwa Cessna 172, mkono wako wa kushoto umezoea usukani na wa kulia umezoea throto, basi zingatia hilo. Kwa RV-7, watu wawili wanakaa bega kwa bega na throto iko katikati, kwa hivyo rubani wa kushoto hushika stiki kwa mkono wa kushoto akiwa anatua. Wengine huongeza throto ya pili ukutani kushoto ili mkono wa kulia ndio ushike stiki. Poa kabisa, hiyo ni ladha.

Rangi si ladha. Throto ni nyeusi, ya rafadha ni bluu, ya mchanganyiko wa mafuta na hewa ni nyekundu. Eti unapaka zote dhahabu zifanane na viti? Siku mtu anavuta nyekundu akidhani ni throto, injini inazima. Leva ya flapu nayo hupewa umbo la bawa, ya magurudumu umbo la gurudumu, ili vidole vijue hata macho yakiwa nje.

Kabla hujatoboa tundu lolote, tengeneza dashibodi ya katoni na mbao. Weka kiti, funga mkanda wa mabega ukaze kabisa, maana huo ndio unaokuzuia kufika mbele. Fumba macho. Gusa vali ya mafuta, throto, swichi ya injini, huku mkono mmoja haujaachilia stiki. Kisha muite rafiki mfupi kukuliko, akae hapo bila kuelezwa chochote. Akiuliza "hii nayo ni ya nini?", chukua bisibisi uanze kuhamisha.