Mibofyo Hewa Ihakikiwe

KUTOKA Magomeni Mapipa hadi Kariakoo, mfanyabiashara wa leo hangoji tena mteja apite mlangoni. Hutangaza vitenge na viatu vyake katika intaneti, na mara nyingi hulipa kwa kila mbofyo unaogusa tangazo lake. Lakini si kila mbofyo ni wa mtu. Mwingine ni wa mashine, ambayo haina mwili wa kuvaa kitenge wala mguu wa kutia kiatu.

Watumishi wa umma na walimu hawahitaji kufundishwa maana ya neno "hewa". Mwaka 2016 Serikali ilipofanya uhakiki, watumishi hewa zaidi ya 10,000 waligunduliwa. Majina yalikuwepo, mishahara ilitoka, watu hawakuwepo. Mbofyo wa uongo ni ndugu yake mtumishi hewa: hesabu ipo, malipo yapo, mteja hayupo.

Wizi huu si wa kubahatisha. Kati ya mwaka 2014 na 2016, genge la Aleksandr Zhukov, raia wa Urusi, lilikodi kompyuta zaidi ya 1,900 na kuzifundisha kujifanya binadamu: kushuka ukurasa polepole, hata kusimamisha filamu katikati. Wenye matangazo walipoteza zaidi ya dola milioni 7 kwa kuwalipia watazamaji wasiokuwepo. Mwaka 2021 mahakama huko New York ilimhukumu kifungo cha miaka 10.

Wapo watakaosema kwamba kampuni zinazouza matangazo zina mitambo ya kuchuja mibofyo ya uongo. Ni kweli. Lakini mizani ya muuza mchele hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, haikaguliwi na muuza mchele mwenyewe. Kwa nini mizani ya mibofyo aachiwe anayelipwa kwa wingi wa mibofyo hiyo?

Mnunuzi naye hana budi kupima. Mteja wa kweli huacha nyayo: hukaa katika ukurasa, huuliza bei, hupiga simu. Mibofyo mia moja kutoka anwani moja kwa dakika chache, au kutoka nchi ambako duka halipeleki bidhaa, ni dalili ya hila. Daftari la mibofyo na lilinganishwe na daftari la mauzo; la kwanza likinenepa na la pili likikonda, pana mwizi katikati.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza udanganyifu kwa njia ya kompyuta. Hata hivyo, sheria haimkamati mwizi ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Kwa hiyo ofisa yeyote anayeidhinisha hati ya malipo ya matangazo ya intaneti adai kwanza maelezo ya mibofyo hiyo: imetoka wapi, saa ngapi, na imeleta nini. Fedha ya umma hailipwi kwa kivuli. Asiyehakiki hesabu yake ndiye anayemlisha mwizi.