Mkono Mmoja Haulei Mwana



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo wengi hulidhani ni la wanawake peke yao, nalo ni ulishaji wa mtoto mchanga. Tulilazimika kulifikiri siku ya ubatizo wa watoto. Mtoto wa miezi miwili alikuwa akilia mlangoni mwa kanisa. Kabla mama yake hajapata mahali pa kukaa amnyonyeshe, bibi alitoa chupa ya maji mkobani, akamnywesha mjukuu wake akisema, "Koo limemkauka huyu." Mama alinyamaza. Baada ya ibada alitujia, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba kliniki alifundishwa asimpe mtoto kitu chochote ila maziwa yake mpaka atimize miezi sita. Tulipomwuliza mbona hakusema, alijibu, "Baba, nitambishiaje mama mkwe, nami naishi nyumbani kwake?"

Jibu hilo limekaa moyoni mwetu tangu siku ile.

Fundisho lenyewe si gumu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huelekeza kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Kwa miezi sita ya kwanza apewe maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, isipokuwa dawa alizoandikiwa. Kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Maziwa ya kwanza ya manjano, yaani dang'a, ambayo baadhi ya watu huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, yamejaa kinga dhidi ya maradhi. Tena sehemu kubwa ya maziwa ya mama, yapata asilimia 87, ni maji. Hivyo hata wakati wa joto mtoto hapungukiwi. Maji yasiyo salama humletea kuhara, na tumbo likishajaa maji au uji mtoto hanyonyi vizuri. Asiponyonya vizuri, maziwa ya mama hupungua. Hapo ndipo mama huambiwa kuwa maziwa yake hayatoshi, na uji huongezwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 59 ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2022 idadi ilifika asilimia 64. Tumepiga hatua, lakini bado zaidi ya theluthi moja ya watoto wanapewa vingine. Je, mama zao wote hawakufundishwa? Sisi hatuamini hivyo. Tunaamini kosa letu ni kumfundisha mtu mmoja, kisha kumrudisha katika nyumba ambamo hana sauti.

Hatumlaumu bibi. Alilea kwa jinsi alivyofundishwa, na hakuna amjuaye mzazi kumshinda katika kumkanda, kumpikia mtori na kumwogesha mtoto. Bibi akielimishwa, atakuwa mwalimu kuliko bango lolote la kliniki.

Baba naye asijifiche. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Hana aliamua kubaki nyumbani hadi mtoto aachishwe ziwa. Elkana mumewe hakumlazimisha kusafiri; alikubaliana naye, akapanda Shilo kutoa sadaka bila yeye. Huo ni mfano wa mume anayelinda unyonyeshaji. Leo baba anaweza kuulinda kwa kuhakikisha mkewe anakula vya kutosha na anapumzika, na kwa kumtetea mbele ya mama yake mwenyewe kwa adabu.

Waajiri pia wanahusika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, na baadaye hadi saa 2 kila siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Mama anayerudi kazini afundishwe kukamua maziwa katika chombo safi, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Lakini ni wangapi kati yetu tulio na wasaidizi wa nyumbani au wauzaji dukani tunaowapa saa hizo mbili?

Tena tuchunge ndimi zetu. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na kutumia dawa zake vizuri hushauriwa na wahudumu wa afya kunyonyesha. Yuko pia asiyeweza kunyonyesha kwa sababu za kiafya. Hao hawahitaji minong'ono yetu.

Basi tunapendekeza hivi: WAWATA wamwalike muuguzi katika jumuiya ndogo ndogo, na mwaliko uwe wa mama, mumewe na bibi kwa pamoja. Nasi hapa kanisani tutenge viti vya kunyonyeshea. Papa Fransisko, mwezi Januari 2014, alipobatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, aliwahimiza mama wawanyonyeshe bila wasiwasi walio na njaa. Kama ilifaa huko, hapa kwetu kuna aibu gani?

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mama yule wa mlangoni alikwisha kulijua fundisho. Alikosa mkono wa pili. Tuwe sisi mkono huo.